Mchore Kimburu kwa Kumtazama Paka wa Sokoni

Michoro mingi ya chui na duma inayoharibika haiharibikii kwenye madoa. Madoa yamepangwa vizuri, masharubu yapo, macho yanang'aa. Lakini mnyama mwenyewe amekaa kama mto uliojazwa pamba. Mchoraji alianza na ngozi kabla hajajua mifupa iko wapi.

Mwongozo huu unaanza upande wa pili. Tutaanza na umbo, tuingie kwenye vivuli, na manyoya tutayaacha hadi karibu na mwisho. Mnyama wetu ni kimburu, yule paka-mwitu wa Afrika, na utajifunza kumchora kwa kumtazama paka anayelala chini ya meza za Soko la Majengo, Dodoma.

Kwa nini kimburu, si chui

1. Yupo huku huku. Uwanda wa kati wa Tanzania, wenye nyasi kavu, vichaka vya miiba na mashamba ya mtama na uwele, ni makazi yanayomfaa. Chakula chake kikubwa ni panya, kwa hiyo hakai mbali na nafaka. Huwinda zaidi usiku, ndiyo maana wengi hawamwoni.

2. Ndugu yake unaye nyumbani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa paka wote wa kufugwa duniani wametokana na paka-mwitu wa aina hii, wale wa Mashariki ya Kati. Mifupa, mkao na mwendo ni vilevile. Huhitaji nauli ya kwenda Hifadhi ya Ruaha ili uanze.

3. Hana madoa ya kukufichia makosa. Ngozi yake ni ya rangi ya mchanga au kijivu, yenye mistari hafifu. Umbo likikosewa, linaonekana mara moja. Ukimpata kimburu, chui hatakusumbua sana.

Kwa nini umbo linatangulia

Kule Kolo, wilayani Kondoa, kuna michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Twiga, tembo na wanyama wa jamii ya swala wamechorwa humo kwa rangi nyekundu, wengi wakionekana kwa ubavu. Hawana unywele hata mmoja, na bado hukosei kumtambua twiga. Jicho la binadamu humjua mnyama kwanza kwa umbo lake la nje. Manyoya huja kuthibitisha tu kile ambacho umbo limeshasema.

Tusichanganye pia mitindo miwili. Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru, alichora wanyama kwa rangi za mafuta juu ya hadibodi jijini Dar es Salaam. Katika mtindo alioanzisha, chui ana macho makubwa na madoa yaliyopangwa kama urembo, kwa sababu lengo si kumwiga chui wa porini. Huo ni ufundi kamili wenye kanuni zake. Sisi leo tunatafuta kitu kingine: mnyama anayeonekana ana uzito, amekaa juu ya ardhi, na jua linampiga upande mmoja.

---

KISANDUKU CHA 1: VIFAA

Vyote unavipata kwenye duka la stesheneri.

- Penseli tatu: HB ya kupanga umbo, 2B ya vivuli vya kati, 4B ya weusi.
- Karatasi ya A4 iliyo nene kidogo. Karatasi nyembamba ya fotokopi huchanika ukifuta mara kwa mara.
- Raba laini nyeupe. Ikate kona moja kwa wembe ipate ncha kali.
- Rula na kichongeo.
- Kalamu ya wino iliyokwisha wino. Usiitupe, ina kazi yake.
- Ubao mwembamba au jalada gumu la kuegemeza karatasi, na vibanio viwili. Upepo wa Dodoma hausubiri umalize.
- Karatasi ya ziada ya kuweka chini ya kiganja, jasho lisipake mchoro.

---

Kabla ya kuchora: mtazame paka

Nenda sokoni asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, au jioni baada ya saa kumi. Wakati huo jua liko upande, na vivuli vinakuonyesha wapi pamevimba na wapi pamebonyea. Jua la mchana wa Dodoma linapiga kutoka utosini na kumfanya paka aonekane bapa.

Omba ruhusa kwanza. "Shikamoo mama, naomba nikae hapa kidogo nimchore huyu paka" inatosha. Usizibe njia ya wateja, na usikae mbele ya bidhaa.

Paka hatulii, kwa hiyo usijaribu kummaliza hapo hapo. Chora vijimchoro vidogo vya haraka, vingi katika ukurasa mmoja. Akigeuka, acha kilichopo uanze kingine. Akirudi mkao wa kwanza, rudi kwenye mchoro wako wa kwanza. Tafuta mambo haya matano:

1. Akikaa kitako, kiwiko cha mguu wa mbele kiko wapi ukilinganisha na kidevu na ardhi?
2. Mfupa wa bega unapanda wapi anapotembea?
3. Kisigino cha mguu wa nyuma kinagusa ardhi lini?
4. Manyoya yanaelekea wapi puani, shavuni, kifuani na mgongoni?
5. Mboni ya jicho ikoje juani, na ikoje kivulini?

Ukiwa na simu, piga picha kutoka usawa wa paka. Chuchumaa. Picha iliyopigwa ukiwa umesimama inakuza kichwa na kufupisha miguu, na ukiinakili utachora kosa la kamera.

TAHADHARI. Usimshike paka usiyemjua wala kumzuia atulie. Akikung'ata au kukuparura, osha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na dalili zake zikishaanza haina tiba.

Kumchora: hatua 10

Kimburu wetu amekaa kitako, ubavu ukionekana, kifua kikielekea kushoto kwako, na amegeuza uso kukutazama. Mwanga unatoka juu kushoto.

Hatua ya 1: Weka mipaka. Simamisha karatasi. Sentimita 5 kutoka chini, piga mstari wa ardhi. Sentimita 20 juu ya mstari huo, weka alama ya ncha za masikio. Bila mipaka hii utaanza na kichwa kikubwa, na miguu itakosa karatasi.

Hatua ya 2: Kichwa kiwe kipimo chako. Chora duara la sentimita 4.5 kwa HB, kwa mkono mwepesi. Juu ya duara liwe sentimita 2 chini ya alama ya masikio, na kitovu chake kiwe sentimita 8 kutoka ukingo wa kushoto. Kutoka chini ya duara hadi ardhini panaingia vichwa vitatu kamili. Pima. Paka wa nyumbani mara nyingi huonekana mfupi zaidi. Miguu mirefu ndiyo inayomtoa kimburu nje ya nyumba.

Hatua ya 3: Mbavu na kiuno. Sentimita 1 chini ya kidevu, anza yai lenye urefu wa sentimita 8 na upana wa sentimita 5.5, likiinamia kushoto kidogo kwa juu. Hizo ni mbavu. Kulia kwake chora duara la sentimita 6 linalogusa ardhi. Hicho ni kiuno na mapaja. Maumbo haya mawili yafunikane kidogo. Sasa piga mstari mmoja wa mgongo kutoka kisogoni, upite begani, ushuke hadi mwanzo wa mkia. Uwe mstari wa kusimama. Kimburu hukaa wima sana, na mgongo uliojikunja utamrudisha jikoni.

Hatua ya 4: Miguu. Weka kiwiko cha mbele katikati ya kidevu na ardhi. Kutoka hapo shusha mguu ulionyooka hadi mstari wa ardhi, upana wake usizidi sentimita 1.3. Mguu wa pili wa mbele uchungulie nyuma ya wa kwanza. Nyuma, chora paja kama yai kubwa ndani ya duara la kiuno, goti likielekea mbele. Kisha kanyagisha wayo mrefu chini, kisigino nyuma na vidole mbele.

Hapa wengi hupotea. Kile kiungo kinachoonekana kama goti lililopinda kinyumenyume si goti, ni kisigino. Paka hutembea kwa vidole, kisigino kikiwa hewani. Akikaa kitako, kisigino hulala chini. Mguu wa mbele una vidole vitano, lakini kimoja hakigusi ardhi, kwa hiyo chora vinne. Viwili vya katikati vitangulie kidogo. Kucha zimefichwa, usizichore.

Hatua ya 5: Mkia. Utoe nyuma ya kiuno, uzunguke upande wako na kupita mbele ya nyayo. Uchore sentimita 1 chini ya mstari wa ardhi, kwa sababu kilicho karibu nawe hukaa chini zaidi kwenye karatasi. Urefu wake uwe vichwa viwili na nusu hivi, na uwe mwembamba.

Simama sasa. Egemeza mchoro ukutani, rudi nyuma hatua tano, ufinye macho. Kama bado humwoni paka, usiendelee. Kufuta hapa ni kazi ya dakika moja. Baada ya manyoya ni kazi ya siku nzima.

Hatua ya 6: Uso. Gawa duara la kichwa kwa mstari wa kusimama na mstari wa kulala. Macho hukaa juu ya mstari wa kulala. Kila jicho liwe na upana wa sentimita 0.9, na kati yake acha nafasi ya jicho moja au zaidi kidogo. Kona ya nje iwe juu kuliko kona ya ndani. Pua ni pembetatu ndogo iliyopinduliwa, robo tatu ya njia kutoka juu ya duara. Chini yake shusha mstari mfupi unaogawanyika pande mbili, kisha viyai viwili vya masharubu na kidevu kidogo. Masikio yawe na shina pana na ncha iliyoviringa kidogo. Yaweke pembeni kuliko unavyodhani. Masikio yaliyobanana utosini humfanya awe sungura.

Hatua ya 7: Macho. Chora mboni ya kimburu kama mpasuko wa kusimama, kwa kuwa tuko juani. Acha kitone kidogo cheupe kabisa, upande wa juu kushoto katika macho yote mawili, maana mwanga ni mmoja. Ukope wa juu hutupa kivuli juu ya jicho. Weka weusi mwembamba chini yake. Kivuli hicho kikikosekana, jicho linaonekana kama limebandikwa. Zungushia ukingo mweusi wa 4B, mnene zaidi kwenye kona ya ndani inayoshuka kuelekea puani.

Hatua ya 8: Masharubu, kabla ya kivuli chochote. Chukua ile kalamu isiyo na wino. Kwa mkono mmoja wa haraka, bonyeza mistari iliyopinda kidogo kutoka kwenye viyai vya mdomo kwenda nje. Paka huwa na masharubu 12 hivi kila upande, katika safu nne; huhitaji kuyachora yote. Hutaona kitu. Ukija kupitisha penseli kiubavu juu yake, risasi ya penseli haitaingia kwenye mifereji hiyo, na masharubu meupe yatajitokeza yenyewe. Njia hii haifutiki, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye karatasi nyingine.

Hatua ya 9: Vivuli vikubwa, kisha manyoya. Pembeni ya karatasi, chora visanduku vitano kuanzia weupe wa karatasi hadi weusi wa 4B. Hiyo ndiyo ngazi yako. Laza penseli ya 2B kiubavu, uweke kivuli chini ya kidevu, chini ya tumbo, ndani ya mguu wa mbele wa pili, upande wa kulia wa kiuno na chini ya mkia. Acha kifua na shavu la kushoto karibu weupe. Mnyama ataanza kuvimba kutoka kwenye karatasi kabla hujachora unywele wowote.

Sasa manyoya. Chonga penseli iwe kali. Kila mstari uwe mfupi, uanze kwa mkandamizo kisha uinuliwe, ncha yake ipotee. Fuata uelekeo:

- kutoka puani, panda hadi utosini;
- shavuni, elekea nje na chini;
- kifuani, shuka;
- ubavuni na mgongoni, rudi nyuma kuelekea mkiani;
- miguuni, shuka, mistari ikizidi kuwa mifupi hadi karibu ipotee kwenye nyayo.

Usijaze kila mahali. Chora manyoya mengi pale mwanga unapokutana na kivuli. Kwenye mwanga kamili weka machache, na ndani ya kivuli kizito hayaonekani hata kidogo. Nywele nyeupe za masikioni zichore kwa ile kona kali ya raba.

Hatua ya 10: Alama za kimburu na ardhi. Alama hizi ndizo hati yake ya utambulisho:

- mistari hafifu inayotoka kona ya nje ya jicho kupita shavuni;
- mikanda miwili hivi myeusi kwenye sehemu ya juu ya mguu wa mbele;
- michirizi hafifu ubavuni, inayopinda kufuata mbavu;
- pete nyeusi karibu na ncha ya mkia, na ncha nyeusi;
- mgongo wa sikio wenye wekundu wa kutu. Kwa penseli, weka kivuli cha kati kwenye ukingo unaoonekana.

Malizia na ardhi. Weka kivuli kizito kabisa mahali nyayo zinapogusa chini, kikififia kuelekea kulia. Nyasi chache kavu zinatosha. Hapo ndipo anapopata uzito.

KISANDUKU CHA 2: MAKOSA YA KAWAIDA NA TIBA YAKE

- Mstari mweusi kuzunguka mwili mzima. Manyoya hayana uzio. Ufifishe kwa raba, kisha acha nywele fupi zivuke ukingo.
- Kusugua kwa kidole. Mafuta ya ngozi huacha madoa yasiyofutika. Tumia tishu au pamba ya masikioni, na kwa kiasi.
- Michirizi iliyonyooka. Mbavu zimeviringa, nayo michirizi ipinde.
- Kijivu kimoja kila mahali. Linganisha na ngazi yako. Kama 4B haijatumika, mchoro haujaisha.
- Mboni za duara juani. Hizo ni za simba, chui na duma.
- Kunakili picha ya mtu mwingine na kuiuza kama yako. Kwa mazoezi hakuna neno. Kwa kuuza, tumia picha zako au omba ruhusa.

KISANDUKU CHA 3: KUTOKA KIMBURU KWENDA PAKA WENGINE

Mifupa ni ileile. Badilisha vipimo na alama.

- Chui: kichwa kizito, shingo nene, miguu mifupi yenye nguvu. Ubavuni madoa yake ni pete zilizokatika, ndani hazina nukta. Kichwani na miguuni ni madoa yaliyojaa.
- Duma: kichwa kidogo, kifua kirefu, tumbo jembamba. Madoa yamejaa, na mstari mweusi unashuka kutoka jichoni hadi mdomoni. Kucha zake huonekana.
- Mondo: masikio makubwa yaliyokaribiana, miguu mirefu mno, mkia mfupi.
- Simbamangu: hana madoa mwilini, masikio yana vishungi vyeusi kwenye ncha.
- Simba: pua ndefu na pana, macho madogo ukilinganisha na uso. Mkia una kishungi cheusi.

ORODHA YA KUKAGUA KABLA HUJATIA SAHIHI

☐ Kutoka kidevuni hadi ardhini panaingia vichwa vitatu.
☐ Kiwiko kiko katikati ya kidevu na ardhi.
☐ Kisigino cha nyuma kimelala chini.
☐ Vitone vyeupe vya macho viko upande mmoja.
☐ Vivuli vyote vinakubaliana kuwa mwanga unatoka juu kushoto.
☐ Kuna weupe halisi wa karatasi na weusi halisi wa 4B.
☐ Manyoya yanafuata uelekeo wake.
☐ Ukiugeuza mchoro mbele ya kioo, mnyama haonekani kupinda.

Hicho kipengele cha mwisho kina nguvu kuliko vyote. Jicho lako limeshazoea makosa yako. Kioo kinayageuza yawe mageni, na utayaona yote kwa mara moja. Rekebisha, andika tarehe nyuma ya karatasi, kisha uanze kimburu wa pili akielekea kulia. Mkono uliozoea upande mmoja bado haujajifunza mnyama. Umejifunza mchoro mmoja tu.